Seli Zinazojila: Kazi Inayofanyika Tumboni Kabla ya Mtoto Kuzaliwa

Kila Shaaban ikikaribia kwisha, simu zetu hapa Pwani huanza kuleta ujumbe ule ule. Ati Mjapani mmoja alipewa tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba kufunga husafisha mwili: seli nzima huzila seli mbovu na maradhi yakaondoka. Safari hii ujumbe ulikuja na nyongeza. Mpwa wangu, mwenye mimba ya miezi saba, aliletewa sauti ya mama mmoja ikisema kwamba mja mzito akifunga, mtoto aliye tumboni naye husafishwa pamoja naye, azaliwe na akili nyepesi. Akanipigia: "Mjomba, ni kweli haya?"

Nilimjibu kwa ufupi siku ile. Jibu refu ndilo hili. Mimi si daktari, na diploma yangu ni ya fani nyengine kabisa, lakini jambo lenyewe limeandikwa vya kutosha na watu waliolifanyia kazi, na ukilifuata hatua kwa hatua utaona kwamba ujumbe ule umechanganya ukweli na uongo kama mchele na chuya.

Tuanze na ukweli. Seli za mwili wa binadamu, za mnyama, za mti, hata za hamira tunayotia kwenye mahamri, zina tabia ya kula sehemu zao zenyewe. Si seli moja kuila nyengine, kama ujumbe ulivyodai. Ni seli kula vilivyomo ndani yake: protini iliyokunjika vibaya, kijisehemu kilichochakaa, au hata kitu kizima kisichohitajika tena. Wataalamu huiita otofaji, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, "mwenyewe" na "kula". Aliyelitunga ni Christian de Duve, mwanasayansi wa Ubelgiji, mwaka 1963. Miaka minane kabla, yaani 1955, ndiye aliyetambulisha lisosomu, kijifuko kilichomo ndani ya seli chenye tindikali na vimeng'enya vya kuvunjavunja vitu. De Duve alipata Nobel yake mwaka 1974.

Namna inavyofanyika ni hivi. Ndani ya seli huanza kuota utando mwembamba, ukajipinda kama sahani, kisha kama bakuli, ukazunguka kile kinachotakiwa kuondolewa hadi ukafunga mdomo. Hapo huwa umekuwa kifuko chenye kuta mbili. Kifuko hicho huenda kikaungana na lisosomu, na vilivyomo vikasagwa hadi vikawa malighafi: asidi amino za kujengea protini mpya, mafuta, sukari. Malighafi hayo hayatupwi. Hurudishwa kwenye seli yakatumiwa tena. Mwenye shamba la minazi atalielewa hili upesi. Kumbi huwa kamba, kifuu huwa upawa, machicha hupewa kuku, na majani huwa makuti ya kuezekea.

Kwa muda mrefu otofaji ilikuwa ni kitu cha kuonekana tu kwenye darubini. Hakuna aliyejua ni jeni zipi zinaiendesha, wala nini kitatokea ikizimwa. Hapo ndipo anapoingia yule Mjapani wa kwenye simu zetu. Yoshinori Ohsumi alizaliwa Fukuoka mwaka 1945, na alipata maabara yake mwenyewe, ndogo, katika Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1988, akiwa na miaka 43. (Sisi tulio katika umri huo tuna la kujifariji.) Alichagua hamira. Alichukua aina ya hamira iliyokosa vimeng'enya vya kusaga, akaiweka pasipo na chakula, na baada ya saa chache akaona kwenye darubini vijifuko vidogo vimejaa vikichezacheza ndani ya seli, kwa kuwa vilifika kwenye kisagio na kisagio hakikufanya kazi. Kisha alichuja maelfu ya hamira zenye kasoro za kurithi, na kufikia 1993 yeye na mwanafunzi wake walikuwa wametangaza jeni 15 zinazohitajika kwa kazi hii. Jeni za namna hiyo hiyo zikapatikana kwa panya na kwa binadamu. Hilo ndilo lililompa Nobel ya tiba mwaka 2016, peke yake. Hakuwafunga watu, hakupima Ramadhani. Alipima hamira.

Baada ya jeni kujulikana, wanafunzi na wenzake waliweza kuuliza swali ambalo awali halikuwa na njia ya kujibiwa: mnyama akikosa otofaji tangu mwanzo wa uhai wake, atakua?

Mwanzo wa uhai ni yai. Yai la kuku lina kiini kikubwa cha chakula, kifaranga hukila hadi aanguliwe. Yai la mwanadamu, na la panya pia, halina akiba ya namna hiyo. Likishapata mbegu ya kiume huwa na siku kadhaa za kuteremka kwenye mrija kabla halijajishika kwenye ukuta wa tumbo la uzazi. Katika siku hizo hakuna kondo la nyuma, hakuna kiungamwana, hakuna damu ya mama inayoingia. Tena yai limejaa protini zilizotengenezwa na mama kwa ajili ya kuwa yai. Sasa halitaki kuwa yai tena. Linataka kuwa kiumbe kipya chenye protini zake.

Mwaka 2008, kundi la watafiti wa Japani, Satoshi Tsukamoto na Noboru Mizushima wakiwemo, lilichapisha majibu yao. Walitumia panya waliotiwa protini ing'aayo kijani, ambayo asili yake ni kiumbe laini cha baharini wa jamii ya wale wanaowawasha wavuvi wetu, ili kila kifuko cha otofaji kikitokea kionekane kama nukta ya kijani. Yai ambalo halijarutubishwa lilikuwa na nukta chache. Ndani ya saa nne baada ya kurutubishwa, nukta zikatapakaa. Wakatengeneza mayai yasiyo na jeni iitwayo Atg5, moja katika zile zinazoendesha otofaji. Mayai hayo yakirutubishwa na mbegu ambayo nayo haina jeni hiyo, kiinitete kilifika seli nne au nane kikasimama hapo hapo. Utengenezaji wa protini ulikuwa umepungua. Lakini mbegu ya kiume ikiwa na jeni nzima, kiinitete kiliendelea, kwa sababu baba alileta kilichokosekana kwa mama.

Zingatia jambo moja hapa, maana ndilo litakalotufikisha kwa mpwa wangu. Kwa kawaida otofaji huwashwa na njaa. Ndani ya seli kuna protini iitwayo mTOR ambayo hupima chakula. Asidi amino zikiwa nyingi na insulini ikiwa juu, mTOR huizuia otofaji, na chakula kikipungua huiachilia. Lakini kwenye yai lililorutubishwa sivyo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba otofaji ile ya saa za mwanzo haitegemei mTOR hata kidogo. Inawashwa na kule kurutubishwa kwenyewe. Mama awe amekula au hakula, kiinitete kina swichi yake.

Katika siku hizo hizo za mwanzo kuna usafishaji mwengine ambao binafsi hunishangaza kila ninapousoma. Mitokondria, vijiwanda vya nguvu vya seli, sote tumevirithi kwa mama zetu. Vya baba huingia pamoja na mbegu lakini havidumu. Mwaka 2011, makundi mawili, moja la Ufaransa na moja la Japani, yalionyesha kwa mnyoo mdogo sana wa maabara kwamba mitokondria za baba huzungukwa na vifuko vya otofaji punde tu baada ya yai kurutubishwa, zikameng'enywa. Otofaji ikizuiwa, zinabaki.

Kiinitete kikisonga mbele, kazi huongezeka. Mimba ya panya huchukua wiki tatu hivi. Panya asiye na jeni ya Beclin 1, ambayo ni miongoni mwa zinazoanzisha otofaji, hufa tumboni katika siku ya saba au ya nane. Jeni hii ina kazi nyengine pia, kwa hiyo kifo hicho hakiwezi kubandikwa chote kwa otofaji. Mwaka 2007, watafiti wa Italia waligundua jeni nyengine, Ambra1, na vijusi vilivyoikosa vilikuwa na mfereji wa ubongo na uti wa mgongo usiofunga sawasawa. Kwa binadamu mfereji huo hufunga katika wiki ya nne ya mimba, wakati wanawake wengi hata hawajajua kama wamebeba. Nisieleweke vibaya: kwa binadamu, kinga iliyothibitishwa ya tatizo la mfereji huo ni asidi foliki, ile iliyomo pamoja na madini ya chuma kwenye tembe za kliniki ambazo akina mama wengine huziacha kwenye kabati kwa sababu zinawatia kichefuchefu. Hizo zimezwe.

Kuna pia seli nyekundu za damu. Kijusi huzitengeneza kwa wingi kwenye ini lake. Ili seli iwe nyekundu kamili, ipite kwenye mishipa myembamba ikibeba oksijeni na si mzigo mwengine, ni lazima iondoe kiini chake na mitokondria zake zote. Kiini husukumwa nje. Mitokondria huondolewa kwa otofaji. Watu walidhani lenzi ya jicho nayo, ambayo husafisha vilivyomo ndani ili mwanga upite, hutumia njia hiyo hiyo. Panya wasio na Atg5 wakaonyesha kwamba hapana, lenzi yao ilisafika vilevile. Mwaka 2021 ikapatikana njia nyengine kabisa. Naitaja habari hii kwa sababu watu wakipata neno jipya huliweka kila mahali, na mwili una njia nyingi.

Sasa tufike kwenye kuzaliwa kwenyewe. Hapa ndipo utafiti unaojulikana zaidi ulipofanyika.

Mtoto tumboni hulishwa mchana na usiku bila kukatika. Sukari na asidi amino huja kwa kiungamwana. Kikikatwa kiungamwana, mlo huo husita mara moja, na maziwa bado hayajaanza kuja vizuri. Kila aliyewahi kukaa na mzazi siku ya kwanza anajua: dang'a ni matone. Mtoto anaishi na nini katika saa hizo?

Mwaka 2004, Akiko Kuma, Mizushima na wenzao, Ohsumi akiwa mmoja wao, waliwatazama panya wachanga na kuona otofaji ikipanda kwa kasi mara tu wanapozaliwa, kwenye moyo, kwenye msuli wa kiwambo unaovuta pumzi, kwenye mapafu, kwenye ngozi. Ilikaa juu kwa saa kadhaa, ikashuka ndani ya siku moja au mbili, maziwa yaliposhika. Panya waliokosa Atg5 walizaliwa karibu kama wenzao. (Walivuka ile hatua ya seli nane kwa sababu yai la mama yao lilikuwa limewaachia protini ya kuanzia.) Lakini walikufa ndani ya siku moja. Waliponyimwa maziwa wote kwa ajili ya kulinganisha, wazima waliishi saa 21 hivi, wale wasio na Atg5 saa 12 hivi. Damu yao ilikuwa na asidi amino kidogo, na walionyesha dalili za kuishiwa nguvu. Waliponyweshwa maziwa kwa lazima, maisha yao yaliongezeka.

Habari ilisambazwa hivyo kwa miaka: mtoto mchanga hujila ili avuke saa za njaa. Ni kweli, lakini si yote. Panya wale walikuwa pia hawanyonyi vizuri. Mwaka 2016, baadhi ya watafiti hao hao waliirudisha Atg5 kwenye seli za neva tu, sehemu nyengine za mwili zikabaki bila. Panya wakanusurika siku ile ya kwanza na wakakua, ingawa walikuwa na upungufu wa damu na viungo vya uzazi visivyokomaa. Kumbe sehemu kubwa ya kifo ilikuwa ubongo kushindwa kuendesha mambo, kunyonya kukiwemo. Mimi hupenda tafiti za namna hii, ambapo mtu anarudi kuikagua kazi yake mwenyewe miaka 12 baadaye na kukubali kwamba hadithi ina upande mwengine.

Na binadamu je? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtu aliyekosa jeni hizi asingezaliwa hai. Mwaka 2021, watafiti walioongozwa kutoka Newcastle, Uingereza, walieleza juu ya watu 12 kutoka familia tano ambao jeni yao ya ATG7 haifanyi kazi au inafanya kidogo sana. Wapo hai. Lakini wana shida ya kutembea na kusimama sawa, na ya kuchelewa kukua kiakili, na picha za ubongo zilionyesha kasoro kwenye ubongo wa nyuma na kwenye daraja linalounganisha pande mbili za ubongo, sehemu zinazojengwa tumboni. Kuna pia ugonjwa wa nadra wa Vici, ulioelezwa mara ya kwanza Italia mwaka 1988, ambao mtoto huzaliwa bila daraja hilo, akiwa na mtoto wa jicho, moyo dhaifu, kinga hafifu na rangi iliyofifia. Mwaka 2013 ilibainika chanzo chake ni jeni iitwayo EPG5, inayosaidia kifuko cha otofaji kufika kwenye lisosomu. Magonjwa haya hurithiwa kwa wazazi wote wawili kuwa wabebaji, jambo ambalo familia zenye kuoana binamu kwa binamu zinapaswa kulijua, na mtoto wa pili akizaliwa na dalili kama za wa kwanza wasiishie kusema ni jicho la watu.

Upande wa mama kuna kondo la nyuma. Seli zake huingia kwenye ukuta wa tumbo la uzazi na kuitanua mishipa ya damu ya mama ili kijusi kipate damu ya kutosha. Hufanya kazi hiyo mapema, mahali penye oksijeni kidogo, na watafiti wa Toyama huko Japani wameonyesha kwamba zinategemea otofaji kuivumilia hali hiyo. Wameona pia dalili kwamba kwa wanawake wenye presha ya mimba, ile inayoweza kufikia kifafa cha mimba, kazi hii huwa imezorota. Kama ni chanzo au ni matokeo, bado wanabishana. Kwa mama wa Likoni au Msambweni linalomhusu leo ni kupimwa presha na mkojo kila anapokwenda kliniki.

Sasa, je, mja mzito akifunga mtoto husafishwa?

Katika yote niliyoyaeleza hapo juu, hakuna hata moja linaloonyesha hivyo. Otofaji ya kiinitete cha mwanzo haisubiri njaa ya mama. Otofaji ya kuzaliwa huja kwa kukatwa kiungamwana. Katikati ya hapo kijusi kinajengwa, na kinachotafutwa ni kukipatia chakula bila kukatika. Utafiti wa njaa uliofanywa kwa panya wakubwa mara nyingi ni wa saa 24 pasipo chakula, na kwa mwili mdogo kama ule hizo ni nyingi mno. Huwezi kuzichukua ukazilinganisha na saa 13 na kitu za saumu yetu ya Mombasa, sembuse kuzipeleka kwa kijusi.

Kinachojulikana kwa hakika juu ya mama mwenye mimba ni kengine. Daktari Norbert Freinkel wa Chicago alikiita njaa ya kasi. Katika miezi ya mwisho, mjamzito akikosa kula, sukari yake hushuka upesi kuliko mwanamke asiye na mimba, na mwili wake huanza kuchoma mafuta mapema zaidi, kwa kuwa mtoto anaendelea kuvuta. Tafiti za Ramadhani na mimba zipo nyingi na hazikubaliani. Nyengine hazikuona tofauti ya uzito wa mtoto, nyengine ziliona upungufu mdogo. Wapo akina mama waliofunga na watoto wao wakazaliwa salama, na siwaambii kwamba walikosea. Lakini hakuna utafiti uliomwambia yeyote afunge kwa ajili ya kumsafisha mtoto.

Mja mzito na mwenye kunyonyesha wana rukhsa, na masheikh wetu hulieleza hili kila mwaka. Habari za qadha na fidia aulizwe sheikh wa madhehebu yako. Anayeamua kufunga, na hasa mwenye kisukari au presha, amwone mkunga au daktari kabla ya mwezi kuandama. Na kwa joto letu hili la Pwani, akiona kizunguzungu, mkojo umekuwa haba na mweusi, au mtoto amepunguza kucheza, afungue hapo hapo na aende kituoni. Asingoje maghribi.

Jambo la mwisho ni tembe na vinywaji vinavyouzwa mitandaoni kwa jina hili la kujisafisha. Hakuna dawa ya kuongeza otofaji iliyoidhinishwa kwa wajawazito, ya hospitali wala ya chupa ya kijani. Anayekuuzia anauza.

Mpwa wangu alikuwa amefunga siku mbili aliponipigia. Mkunga alimkuta presha imepanda kidogo, akamwambia ale. Siku zake ameziandika nyuma ya kitabu cha kliniki.